Mti wa Uani, Mkomaindo

Mkomaindo, Masasi
11 Februari 1974

Mjomba Kasiani,

Shikamoo. Mama Stefano naye mpe shikamoo yake, umwambie ile mizizi ya ming'oko aliyotuchimbia porini Krismasi tuliimaliza siku mbili tu, watoto waligombania hata maganda. Sisi huku tunaendelea. Baba Bertila bado anafundisha Lisekese, anakwenda na kurudi kwa baiskeli, na kwa mvua hizi anaingia nyumbani ana tope mpaka mgongoni. Hilary ametimiza miaka minne na hakai chini. Mina ameota meno mawili. Bertila hajambo, ila macho yalimsumbua kidogo mwezi uliopita. Sasa tunashukuru.

Mjomba, nyumba yetu tumeihamia, lakini uani ni kweupe. Jua la saa nane linapiga mpaka jikoni, na nyuma sasa kuko wazi, mtu anapita anatuona tunaosha vyombo. Nataka mti. Baba Bertila anataka mgrivea, mti wa kwao Rombo. Anasema unakwenda juu wima na mbao zake zitakuja kuwasomesha watoto. Mimi sitaki mbao, nataka mti ambao watoto wangu wataupanda wakingali watoto. Usiwe na miiba. Usiwe na utomvu. Matawi yasikatike ovyo. Watoto hawa ni wa ukoo wako, kwa hiyo mti wao wa kwanza nimeona nikuombe wewe.

Baba Bertila anakusalimu.

Mpwa wako,
Leonia

*

Mnyambe, Newala
3 Machi 1974

Mpwa wangu Mama Bertila,

Marahaba. Barua yako niliipata kwa mkono wa Cuthbert, utingo wa lori, ikiwa imelowa pembeni lakini maneno yote yanasomeka. Nimefurahi kwa meno ya Mina. Huku mvua ni nzuri, mbaazi zimesimama. Mama Stefano kiuno kinamuuma kama ilivyo kawaida yake masika. Ndege za Wareno hatujazisikia tangu Januari, ila watu waliovuka Ruvuma wanazidi kuja, na wiki iliyopita tulilaza familia moja jikoni kwetu.

Kuhusu mti, usihangaike. Nina mche wa mwembe karibu na ghala, umenifika kiunoni. Nitauleta mwenyewe siku za Pasaka na nitaupanda kwa mikono yangu. Mwembe ni mti wa kukaa nao maisha. Watoto wa Bertila nao wataukuta.

Lakini barua yako imenichanganya mahali pawili. Kwanza, tangu lini mtoto wa kwetu akaogopa utomvu? Pili, unasema nyuma kuko wazi. Mbona nilikuletea minyaa ya ua mwaka juzi, nyumba ikiwa bado inajengwa, tukaichomeka wote, na ulipokuja huku ulisema imefika begani? Ua ule hapiti kuku wala nyoka. Umefikia wapi?

Nijibu kabla ya Pasaka.

Mjomba wako,
Kasiani

*

Mkomaindo
20 Machi 1974

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa kiuno cha Mama Stefano, na hongera kwa moyo wenu wa kupokea wageni. Hapa Hilary alimeza kifungo cha shati tukakisubiri siku mbili. Kimetoka salama.

Tunakungoja Pasaka. Ila nikuambie mapema usije ukashangaa, Baba Bertila na mimi hatujakubaliana juu ya mwembe. Jana aliniuliza, "Mwembe ukishakuwa mrefu, Hilary akianguka toka juu, nani atamdaka?" Nikamwambia, "Na mgrivea je, ataanguka kuelekea wapi?" Akasema, "Mgrivea hawezi kuupanda." Nikamwambia basi huo si mti wa watoto, ni nguzo ya simu. Akatoka nje. Aliporudi akasema neno ambalo sitaliandika, halafu akasema, "Kwa kweli chochote kitokacho Mnyambe kwanza nikione mimi."

Usimkasirikie, amechoka tu. Njoo, mkizungumza ana kwa ana atalegea. Bertila anakusalimu, anasema umletee muwa.

Leonia

*

Newala
2 Mei 1974

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Pasaka sikuweza kuja. Usipande mwembe, unachukua miaka mingi mno na mtu hajui miaka mingi iko wapi. Panda mpapai. Unazaa kabla mwaka haujaisha, na hata ukiuacha nyuma hauumi.

Barua zako mpe Cuthbert mkononi. Usimwambie azipeleke nyumbani, mwambie tu ni za Kasiani, anajua pa kunipata. Mama Stefano hajambo, analala sana.

Mumeo ana haki ya kukagua kiingiacho kwake.

Kasiani

*

Mkomaindo
19 Mei 1974

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tano, na ya tano sikuielewa zaidi ya ya kwanza. Kwa nini umeandika Newala, hukuandika Mnyambe? Cuthbert nimembana hapa uani mpaka chai ikapoa, anasema, "Mama Bertila, mimi ni wa kubeba mizigo tu, maneno yabebwe na wenyewe."

Machi uliniambia mwembe ni mti wa kukaa nao maisha, Mei unaniambia panda mpapai, hata ukiuacha nyuma hauumi. Niuache nyuma niende wapi? Nyumba hii ni yetu. Na mpapai, mjomba, wewe mwenyewe unajua. Shina lake jepesi, Hilary akiupanda utakatika naye, na papai bichi lina utomvu mweupe. Nilikuomba mti usio na utomvu.

Nikuulize jambo, na unijibu kwa ukweli. Tumekukosea? Nilikosea kukuandikia maneno ya Baba Bertila, nilidhani nakuchekesha. Au kuna mtu amekuja huko akakueleza habari za Bertila? Kama umesikia, basi ujue ulivyosikia sivyo. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni siku ile, hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Sijui kama barua hii naimaliza au naikata. Salamu kwa Mama Stefano. Kwa nini analala sana?

Leonia

*

30 Juni 1974

Mpwa wangu Leonia,

Pokea makopo matatu kwa mkono wa Cuthbert. Kila moja lina mche. Niliichimba kwa haraka na sikuweka alama. Panda mmoja au panda yote, mimi sijui tena mti upi unafaa mahali gani. Yaani nimechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa asitoe ushauri wa kitu kinachoota mizizi.

Habari za Bertila zipi? Sijasikia chochote. Siku ipi hiyo uliyokuwa jikoni?

Kasiani

*

Mkomaindo
25 Agosti 1974

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii ni ndefu. Uisome ukiwa umekaa.

Wiki iliyopita nilimwachia jirani Hilary na Bertila, nikambeba Mina mgongoni, nikapanda lori la akina Cuthbert mpaka Mnyambe. Sikukuarifu kwa sababu nilitaka kukukuta. Nilifika saa nne. Njia ya kwako naijua nikiwa nimefumba macho, lakini nilidhani nimepotea. Kuta zipo, paa hakuna. Mlango umeng'olewa pamoja na miimo yake. Majani ya mikorosho yamejaa mpaka barazani, na jikoni kumeota mbegu za maboga. Nikaita. Mina akaanza kulia kwa ajili ya sauti yangu.

Akatokea mwanamke na jembe, jirani yako Kibibi. Alikuwa anachimba muhogo wa shamba lake la zamani. Akaniuliza, "Unamtafuta balozi?"

Nikasema, "Namtafuta mjomba wangu Kasiani."

"Ndiye huyo huyo, balozi wetu wa nyumba kumi. Serikali imetuhamisha wote mwezi wa nne, tuko kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa moja na nusu toka hapa." Akafuta jasho. "Tulimuuliza Jumapili, balozi, tufunge mizigo? Akasema msifunge, hawaji huku. Jumatano malori yakaja na yeye ndiye aliyesimama na karatasi kusoma majina. Mbegu yangu yote ya mbaazi ilinyeshewa njiani. Ukimwona msalimie. Mimi simsalimii."

Nikaenda, mjomba. Nilifika kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mistari kama madawati, hakuna kivuli hata cha kuku. Nilikuona. Ulikuwa juu ya ngazi unafunga fito za paa, mgongo umenielekea, peke yako. Watu wawili walipita chini yako hawakukuita. Mama Stefano alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni, mchana ule.

Sikukuita hata mimi. Niligeuka nikarudi njia niliyojia. Sasa nitakuambia kwa nini, na hii ndiyo barua niliyopaswa kuiandika Februari.

Mwezi wa kwanza, mimi nikisonga ugali, Bertila alikuwa anacheza duka nyuma ya nyumba. Alivunja kijiti cha mnyaa wa ule ua wako, akakikamulia kwenye kifuu, akawauzia wenzake maziwa. Utomvu ukamrukia machoni. Nilisikia ukelele nikadhani nyoka. Nilimwosha kwa maji ya ndoo nzima, Baba Bertila akampakia kwenye baiskeli, wakamlaza hospitali siku tisa akiwa amefungwa macho yote mawili. La kulia limepona. La kushoto linaona, lakini anasema watu wako kwenye moshi. Daktari anasema huenda moshi ukaisha, huenda usiishe.

Siku ile ile aliporudi kutoka hospitali, Baba Bertila aliung'oa ua wote kwa panga na jembe, akauzika. Ndiyo maana nyuma kuko wazi. Neno ambalo sikuliandika Machi ni hili, alisema, "Mjomba wako alituletea sumu na tukaimwagilia maji." Nilishindwa kukuambia. Ulisafiri na vile vijiti mgongoni kutoka Mnyambe kwa ajili yetu. Nikaona bora nikuombe mti mwingine, uje uupande, na ule wa kwanza usahaulike.

Sasa nimekuona uko juu ya ngazi na sijui nani kati yetu amwombe mwenzake radhi.

Makopo matatu yako nyuma ya jiko. Sijapanda hata moja. Sijataka hata kuichunguza ni miti gani.

Leonia

*

Kijiji kipya, Mnyambe
29 Septemba 1974

Mpwa wangu, Mama Bertila,

Nimekaa, kama ulivyoniagiza. Nilikaa siku nyingi. Barua yako niliisoma peke yangu, halafu nikamsomea Mama Stefano, naye akaamka akakaa kitako, jambo ambalo hajalifanya mchana tangu Aprili. Alisema, "Mwandikie leo." Nimechelewa kwa siku ishirini na mbili, na sina sababu ila aibu.

Mtoto pole. Nasema pole na kalamu inakwama. Mnyaa naujua tangu nikiwa mdogo. Sisi tulikuwa tunaonywa na kupigwa tusiuguse. Nilipowaletea nilifikiri kuku na nyoka. Sikumfikiri mtoto wa miaka minne ambaye angefika sita. Mumeo alisema kweli, na asitengue neno lake kwa sababu ya heshima.

Na Kibibi amesema kweli, lakini hajui yote. Niliitwa mkutanoni wiki mbili kabla. Nilijua siku, nilijua mpaka idadi ya malori. Tuliambiwa tuwatayarishe watu. Nilirudi nyumbani nikatazama mikorosho yangu, mia mbili na kumi, ambayo nilianza kuipanda mwaka wa uhuru, na sikuweza kufungua mdomo. Nikajiambia labda watasahau upande huu. Watu wakaniuliza, nikawaambia hawaji. Si kwamba nilidanganywa. Niliwadanganya, nikajidanganya pamoja nao, na mbegu ya watu ikalowa. Ndiyo maana sikuja Pasaka. Ndiyo maana nilikuandikia mpapai. Siku zile nilikuwa siwezi kuona maana ya mtu kupanda kitu kitakachomzidi umri.

Kijiji chenyewe si kibaya, nisikufiche. Bomba lipo, maji yanatoka kwa zamu, hatuteremki tena bondeni na ndoo. Shule inajengwa. Ila kila asubuhi nikitaka kutoka nje nageukia upande usio na mlango, kama vile niko nyumba ya zamani.

Redio imetangaza kuwa Wareno wamekubali kuiachia Msumbiji. Wakimbizi walicheza ngoma tangu jioni, wanasema watarudi kwao mwakani. Nilikwenda kutazama. Mzee mmoja wao akanishika mkono akaniuliza, "Nawe kwenu wapi?" Niliye kwangu, mpwa wangu, nikamwonyesha kwa kidole upande wa mikorosho.

Sasa mti. Nimeufikiria vizuri safari hii, nikimfikiria Hilary juu yake na Bertila chini yake. Makopo yale ni mwembe, mkorosho na mpera. Mkorosho usiupande uani. Ganda la korosho mbichi linaunguza mdomo, na jicho silitaji. Mwembe ukiupenda upande mbali na ukuta, ila nao utomvu wa embe changa unachubua midomo, na ukikua mumeo ana haki ya kuuogopa. Panda mpera. Tawi lake linapinda kabla ya kukatika. Hauendi juu sana, mtoto akianguka ataanguka kwa mama yake. Hauna miiba. Ubaya wake ni mmoja, mapera huwa na wadudu, na watoto wakila mengi na mbegu zake watakaa chooni muda mrefu. Utautambua kwa majani. Mishipa yake imekwenda sambamba kama mbavu, na ukilipapasa jani kwa chini lina vinyweleo.

Upande mvua za kwanza. Mimi sitakuja mpaka mwenye nyumba aseme.

Mjomba wako,
Kasiani

*

Mkomaindo
1 Desemba 1974

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Stefano. Mwambie asirudi kulala.

Barua yako nilimpa Baba Bertila aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, akaniambia atakwenda kukagua madaftari. Hakukagua. Nilimwona nje nyuma ya jiko amechuchumaa kwenye makopo yako, anapapasa majani kwa chini.

Nikamfuata. Sasa sikia. Tangu Julai mimi nilikuwa naona udongo wa makopo yale umelowa kila asubuhi, nikadhani ni jirani, au ni Bertila. Nilishangaa miche haifi nami simwagilii. Ni yeye. Kila alfajiri kabla ya kutoa baiskeli. Nikamuuliza, "Wewe si ulisema hutaki kitu cha Mnyambe?" Akasema, "Nilisema nikione kwanza." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hajui. Kweli, mjomba, nyumba hii nzima hakuna anayejua kwa nini hasemi.

Halafu akasema, "Mwandikie mzee aje aupande yeye. Mimi siwezi kupanda mti wa mtu aliye hai."

Hilo ndilo neno la mwenye nyumba. Cuthbert amekuwekea nafasi mbele kwa dereva Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Njoo na Mama Stefano.

Leonia

*

Kijiji kipya, Mnyambe
6 Januari 1975

Mpwa wangu Mama Bertila,

Tulifika salama. Mama Stefano alimsimulia kila mtu ndani ya lori habari za Mina kutembea. Salamu kwa Baba Bertila. Mwambie lile shimo alilolichimba lilikuwa la kuzikia ng'ombe, si la mpera, lakini mti hautalalamika.

Kuna jambo sikukueleza nilipokuwa kwenu, nanyi wawili mlikuwa ndani mnapakua. Bertila alikuja kunishikia mche nikiwa nafukia. Nilimtazama anavyogeuza kichwa ili jicho la kulia lione. Nikamwambia, "Bertila, ule mti uliokuumiza niliuleta mimi."

Akaniuliza, "Ulijua unaumiza?"

Nikasema, "Nilijua. Sikusema."

Akapigapiga udongo kwa kiganja. Akasema, "Siku nyingine useme," akaenda kumfukuza Hilary.

Mpwa wangu, mimi ni mtu wa miaka hamsini na minane. Nimesimama mbele ya mikutano, nimesoma karatasi za serikali na masomo ya kanisani, na hakuna aliyewahi kunipa agizo nikalielewa papo hapo namna ile.

Nilikaa nalo wiki tatu. Jana baada ya ibada nilikwenda nyumba ya nne toka kwangu, kwa Kibibi. Alikuwa anapepeta. Sikungoja anikaribishe, najua asingenikaribisha. Nikasimama pale juani nikamwambia, "Kibibi, nilijua wiki mbili kabla. Malori, siku, yote. Niliogopa kuiacha mikorosho yangu, nikawaambia haji mtu."

Aliendelea kupepeta. Nilidhani hakusikia, nikasema tena. Ungo ukasimama.

Akaingia ndani. Nikawa nageuka kurudi, akatoka na kigoda, akakiweka upande wenye kivuli cha ukuta, akarudi kwenye ungo wake.

Nikakaa.

Mjomba wako,
Kasiani